Leseni ya Tumbili Mmoja

Sauti yake ilikuwa kama ya bawaba ya dirisha ambayo haijaonja mafuta miaka. Kii, halafu kimya. Kii, halafu kimya tena. Nilikuwa kijijini Tezo, nimekaa mkekani uani kwa watu, mguu wa bi harusi umelala mapajani pangu namchora hina, na kila sauti ile ikitoka mkono wangu ulisita. Hina haipendi mkono wa kusita. Ukisita, ua linatoka kama kovu.

"Ni nini hicho kinacholia?" nikauliza.

"Si kitu," akasema mama wa bi harusi, naye anapepeta mchele. "Jana mbwa walimuua tumbili kwenye mahindi. Huyo ni mwanawe, amenasa kwenye ua wa miiba. Atanyamaza mwenyewe."

Hakunyamaza. Nilipomaliza mguu wa pili niliinuka nikaenda kutazama. Alikuwa mdogo hata angeenea kwenye kikombe. Nywele nyeusi, uso wa waridi kama wa mtoto mchanga wa mtu, na masikio yaliyosimama. Mikono yake ilikuwa imeshika kijiti cha mkwaju kama ameambiwa asikiachilie mpaka arudiwe. Nilipompa kidole aliacha kijiti akashika kidole. Basi.

"Mtwae ukitaka," akasema yule mama. "Baba watoto akirudi atamtupia mbwa. Hawa wametumalizia mahindi, hatuna huruma nao tena."

Nikamfunga kifuani kwa leso, chini ya buibui, nikarudi Malindi. Njia nzima nilihisi vidole vyake vinanibana mbavuni.

Mimi ni mchora hina, na nakaa Shella, mtaa wa hapo hapo Malindi, na bibi yangu mzaa mama. Shule niliiacha kidato cha pili, si kwa ubaya, mambo tu hayakwenda. Bibi hutazama vizuri watu wanaoingia mlangoni, na siku ile alinitazama kifuani kabla ya usoni.

"Nimekutuma harusini," akasema, "umerudi na mtoto."

Nikafungua leso. Bibi akatazama, akarekebisha mtandio wake, akaenda kuchemsha maziwa. Hakusema zaidi. Alichovya pamba kwenye maziwa yaliyozimuliwa kwa maji, akamtia kinywani, na yule akanyonya huku amefumba macho.

Jina hatukumpa. Bibi alisema ukishampa jina umemfanya wako, na huyu si wetu, huyu ni mtoto wa watu. Basi akawa ndiye mtoto wa watu. "Mtoto wa watu ameamka?" "Mtoto wa watu amekojoa kwenye mto." Chumba cha kusalia tu ndicho alichokatazwa, na mlango ule ukifungwa alikaa nje yake akingoja, mkia umezunguka miguu.

Lazima niseme kwamba mimi ni mtu wa kuota mchana. Nikichora hina, mkono uko kwenye mguu wa mtu na akili iko kwengine kabisa. Mwezi haukwisha nikawa nishajenga kichwani mahali pangu pa wanyama. Niliona kibao cha kijani barabarani. Niliona watoto wa shule wamepangwa mistari, nami nimevaa buti ndefu nawaambia, huyu alikuja hapa hana mama, mtazameni sasa. Kwenye ndoto ile mtoto wa watu alikaa begani kwangu, naye ndiye aliyenipa wazo la kila kitu.

Aliyeniamsha ni jirani yetu, mwanamke wa makamo ambaye ulimi wake haukai ndani.

"Shoga," akasema siku moja ukutani, "wenzio huenda Tezo wakarudi na mihogo. Wewe umekwenda kuokota mali ya serikali. Huyo ni kama ndovu. Wakimwona watakufunga wewe, watamfunga bibi yako, na mimi nitaitwa shahidi, na sina nguo ya kwendea mahakamani."

Nilicheka, lakini usingizi haukuja vizuri. Bibi akaniambia niende mwenyewe kwenye ofisi ya wanyamapori niwaeleze, kuliko kungoja wao waje kwetu na gari. Nikavaa buibui langu la sikukuu, nikaenda kuomba leseni.

"Leseni ya nini?" akauliza kijana wa mezani.

"Ya tumbili."

"Ya kuendesha?"

Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu kusema kweli ilichekesha. Kicheko kile kikamtoa chumba cha ndani afisa mmoja mwanamke, mtu wa bara, mrefu, wa sauti ya chini. Akaniweka kwenye kiti akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikata.

"Dada," akasema, "mnyama wa porini si kama paka. Hata umlishe dhahabu, yeye ni wa wananchi wote. Kuna kibali, ndiyo, lakini hupewa mtu ambaye ako na hifadhi. Boma la waya, daktari wa wanyama, wafanyakazi. Wewe uko na nini?"

"Niko na bibi," nikasema.

Alitazama meza kidogo, nadhani ili asicheke. Akaniambia niandike ombi, na kwa kuwa nimejileta mwenyewe hatanisumbua. Atakuja nyumbani amwone mnyama na aone anakaaje. Mpaka hapo niwe na mahali pa kumweka panapofaa, na nisimzoeshe watu zaidi ya hapo alipofika. "Na siahidi kitu," akamaliza.

Katika maneno yote yale mimi niliondoka na moja tu. Atakuja.

"Anakuja kutazama nyumba?" bibi akauliza nilipofika.

"Naam, bibi."

"Na mtoto?"

"Na mtoto."

"Basi hiyo ni posa," akasema bibi, akaanza kukunja mikono ya gauni.

Kwetu sisi, watu wakitaka kuposa, hutangulia wanawake wawili watatu kuja kutazama. Hawasemi wamefuata nini. Watakunywa kahawa, wataomba maji ya kunawa ili waone choo, watasifu pazia huku wanatazama nyuma yake. Msichana ataleta sinia, na kwa vile alivyoshika sinia watajua amelelewa vipi. Jibu huwa limeshapatikana kabla buni haijazama chini ya kikombe. Bibi alikuwa amewatoa mabinti wanne kwa njia hiyo, na hakuna aliyerudishwa. Kwa hivyo nilipomwambia afisa anakuja kuona kama mtoto wa watu atatufaa na sisi tutamfaa, yeye alijua kabisa la kufanya.

Nami sikumbishia. Nilitaka leseni ile kama nisivyowahi kutaka kitu. Nilikuwa nimeshamwambia fundi wa mbao anitengenezee kizimba cha waya, kirefu, chenye matawi ndani, kama alivyoagiza afisa, nacho kilikuwa kimesimama uani chini ya mti wa mkungu. Bibi alikizunguka mara moja.

"Hiki nini?"

"Chake yeye."

"Waje wakute tumemfunga kama kuku? Waseme nini?"

Jioni ile kuku wake wakahamia kwenye kizimba, wakafurahi sana.

Nyumba tuliipaka chokaa. Bibi alimfunza mtoto wa watu kula kwa mkono wa kulia, akinyoosha wa kushoto anapigwa kikofi kidogo, mpaka akawa anaukalia ule wa kushoto ili asijisahau. Alimfunza kushika kikombe kisicho na mkono. Halafu akakata bafta nyeupe iliyobaki kwenye kanzu ya marehemu babu, akamshonea kanzu. Tundu la mkia lilimtesa alasiri nzima. Kwanza likawa juu, kanzu ikapanda mgongoni. Kisha likawa kubwa, mtoto wa watu akatoa mguu mmoja kupitia hapo akazunguka nayo uani kama mlevi. Nilicheka nikakaa chini. Bibi hakucheka, alikuwa na sindano mdomoni.

Afisa alikuja Jumamosi. Alivua buti zake mlangoni bila kuambiwa, na bibi akanitazama kwa jicho la kusema, umeona, kalelewa. Chumba kilikuwa kimefukizwa udi tangu asubuhi. Afisa akakaa, akapiga chafya. Akaomba radhi, akapiga tena. Jirani naye akaingia kuomba chumvi, akakaa, chumvi ikasahauliwa.

Kisha nikatoka na mtoto wa watu. Alikuwa ameoga, amepakwa mafuta ya nazi, ametiwa wanja, amevaa kanzu, amekaa kwenye mkono wangu kama mtoto wa siku ya Idi. Uso wake wa waridi ulikuwa umeshaanza kuwa mweusi. Afisa alimtazama kwa muda mrefu sana.

"Karibu biriani, mwanangu," akasema bibi.

"Asante, mama. Kizimba chake kiko wapi?"

"Hatuna," akajibu bibi kwa fahari. "Nyumba hii hafungwi mtu."

"Analala wapi?"

"Kwa mjukuu wangu, ndani ya chandarua. Hajaumwa na mbu hata mmoja."

Huko uani jogoo akawika ndani ya kizimba. Afisa aligeuza kichwa dirishani, akaona, akarudisha kichwa. Lakini bibi alikuwa ameshashika mwendo. Alimwekea mtoto wa watu tonge la wali kwenye kisahani. Yule akakalia mkono wa kushoto, akanyoosha wa kulia, akala polepole, akafuta mdomo kwa upindo wa kanzu.

"Bi afisa," akasema jirani, "huyo ana adabu kumshinda mume wangu. Na mume wangu ana leseni ya gari."

Hapo afisa alicheka kweli, na bibi akacheka, nami nikaona kibao changu cha kijani kimesimama barabarani, rangi haijakauka. Afisa alikula mpaka akamaliza sahani. Alikunywa kahawa. Akamwita mtoto wa watu kwa kidole, naye akaniruka mimi moja kwa moja akamwendea, mtu asiyemjua, akapanda pajani pake akamtia mkono mfukoni kutafuta kitu. Hapo ndipo kicheko kilipofutika usoni mwa afisa.

"Akiona tumbili wenzake hufanya nini?" akaniuliza.

"Hajawaona," nikasema. "Tangu nimtoe Tezo."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mama," akamwambia bibi, "mmemlea vizuri sana."

Bibi akanigeukia. Kwake yeye posa ilikuwa imeshajibiwa.

"Na ndiyo maana siwezi kuwaachia."

Afisa alieleza kwa upole, huku mtoto wa watu anachezea kifungo cha shati lake. Alisema tumbili dume akikomaa huota meno marefu, na siku atakayomuuma mtoto wa mtu, watu hawatakumbuka kanzu. Alisema ameshawakuta wengi, wamefungwa minyororo dukani, wamepigwa mawe, wamekatwa panga, na karibu wote walianza hivi, kwenye nyumba yenye mapenzi. "Huyu anaamini watu wote. Leo amenijia mimi. Kesho atamwendea mwenye shamba." Ng'ambo ya daraja la Kilifi, upande wa kusini, pana kituo kinachowaweka mayatima kama yeye pamoja, wakafunzana utumbili, kisha hurudishwa msituni. Bado ni mdogo, anaweza kusahau. Akikaa miezi mingine hatasahau tena. Angerudi wiki ijayo na sanduku la kumsafirishia.

"Biriani ilikosa nini?" akauliza bibi.

"Haikukosa kitu, mama."

"Au ni ule udi?"

"Hapana, mama. Hamkukosea kitu kwa kumpenda." Akavaa buti zake, akapiga chafya moja ya mwisho barazani, akaenda.

Bibi alikaa na tasbihi mkononi, shanga hazisogei. Aliyepata sauti kwanza ni jirani.

"Mpelekeni Mambrui," akasema. "Kwa wifi yangu kuna ua mkubwa. Afisa akija, mwambieni ametoroka. Tumbili kutoroka ni habari? Tumbili kazi yake ni kutoroka."

"Neno hilo," akasema bibi.

Nami sikulipinga. Nilitia kanzu yake kwenye mfuko, na chupa ya maziwa, na kipande cha leso alichozoea kulalia. Tungeondoka baada ya sala ya Ijumaa. Nilijiambia kibao changu kinaweza kusimama Mambrui vilevile, ila kisiwe na maandishi.

Lakini swali la yule afisa juu ya tumbili wenzake lilinikaa kama mwiba wa samaki kooni. Alhamisi asubuhi nikamvua kanzu, nikamchukua mpaka kwenye mashamba ya nyuma ya mji, kule ambako tumbili huja kuiba maembe mabichi. Nilikaa chini ya mkanju. Haikupita muda wakaja, mmoja mmoja, mikia juu, wakatapakaa kwenye majani. Nikamshusha chini.

Hakuwajua. Aliwatazama kama mimi ninavyotazama maandishi ya Kichina. Jike mmoja aliyebeba mtoto kifuani alisogea, akanyoosha shingo, akanusa. Sijui alinusa nini. Udi, pengine, na mafuta ya nazi. Akarudi nyuma akatoa mlio mkali, na wote wakapanda juu ya miti. Mtoto wa watu alinirukia, akapanda mpaka shingoni, akavuta mtandio wangu akajifunika uso. Alikuwa anatetemeka hata meno yangu mimi yakawa yanagongana. Nikahisi amenikojolea, kitu ambacho alikuwa ameshaacha.

Tulikaa hapo mpaka akatulia. Nilifikiri juu ya mambo yote tuliyomfunza, mkono wa kulia, kikombe, kungoja mlangoni mtu akisali. Yalikuwa mazuri yote. Hakuna hata moja ambalo yule jike angelitambua.

Nilipofika nyumbani bibi alikuwa anasafisha samaki.

"Hatumpeleki Mambrui, bibi."

Aliendelea kuparua magamba. "Umeamua?"

"Nimeamua."

"Haya," akasema, akachukua samaki mwingine. "Basi asiondoke na njaa."

Siku afisa aliporudi, nilimtia sandukuni mimi mwenyewe, kwa ndizi. Aliingia bila wasiwasi, kwa kuwa hakuna mahali nilipowahi kumwambia ingia pakamdhuru. Hilo ndilo lililoniliza, si kingine. Bibi alitoka na kanzu aliyoikunja vizuri, imepigwa pasi, akampa afisa. Afisa aliipokea kwa mikono miwili.

"Nitaiweka, mama," akasema. Hakusema atamvisha nani, na bibi hakuuliza.

Afisa alinionya nisiende kumtembelea. Akinisikia sauti tu ataanza upya, na kila akianza upya itamwumiza zaidi. Jibu la ombi langu lilikuja baadaye, fupi, hapana. Bibi aliwatoa kuku kizimbani wakati wa mvua, wakarudi wenyewe, na mpaka leo wamo. Jirani alininunia wiki moja kwa sababu wifi yake alikuwa ameshafagia ua.

Mimi bado naota mchana. Kibao cha kijani kipo. Ila siku hizi kwenye ndoto siwi na mtu begani. Wanyama wamo mbali kwenye miti, wamenipa mgongo, na mimi nawaambia watoto wa shule wanyamaze. Si ndoto mbaya. Imekuwa tulivu kidogo tu, na buti bado ninavaa.

Msimu uliopita niliitwa kazi Mnarani, ng'ambo ile ile ya daraja la Kilifi, kuchora bi harusi na dada zake. Nilimaliza adhuhuri. Wale walikuwa ndani wamelala, miguu imenyooshwa hina ikauke, na mimi nikatoka nyuma ya nyumba peke yangu kupumzisha macho. Nikakaa kwenye ngazi na hamri na chai. Nyuma ya ukuta pana miti mingi upande ule, na matawi yakaanza kutikisika.

Walikuwa kundi zima. Walipita juu ya ukuta, mama na watoto wao, hawana haja na mimi. Mmoja akabaki. Dume kijana, uso mweusi tii, nyusi nyeupe. Tumbili wa umri ule hufanana, siwezi kudanganya. Alitazama hamri, kisha akanitazama mimi, akashuka ukutani akakaa karibu hata niliona kope zake. Ningemwita kwa sauti ndogo tu ningejua kama ni yeye. Mdomo wangu ulishafunguka.

Nikaufunga. Nikaificha hamri chini ya buibui, nikasimama, nikapiga makofi. Hakuondoka, aliinamisha kichwa tu. Nikavua kandambili nikapiga nayo ukuta, karibu na mkia wake, kwa nguvu. Aliruka, akapanda tawi, akawafuata wenzake. Niliendelea kupiga ukuta hata majani yalipotulia, asije akageuka.